Una mimba na kazini wanakubana: fanya hivi, kwa mpangilio huu

Maswali ni yale yale. "Nimemwambia bosi nina mimba, wiki iliyofuata akanitoa kwenye ratiba." "HR anataka niandike barua ya kuacha kazi mwenyewe ili nilipwe vizuri." "Nimerudi kutoka likizo ya uzazi nimekuta mtu mwingine kwenye nafasi yangu." Sheria ina majibu ya yote haya, na mengi yako upande wako. Kinachowaangusha wengi ni karatasi na kalenda: barua haina sahihi ya aliyeipokea, au mlalamikaji anafika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), inayosikiliza migogoro ya kazi, siku ya 45 wakati mlango ulishafungwa siku ya 30. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye vitu hivyo viwili.

Unahusu Tanzania Bara, kwa waajiriwa wa sekta binafsi: kiwandani, hotelini, shule binafsi, shamba la maua, duka la jumla, na pia dada wa kazi za nyumbani, maana naye ni mwajiriwa. Zanzibar ina sheria yake, Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005, na utaratibu wake wa migogoro. Kama wewe ni mtumishi wa umma, hatua ya 1 hadi ya 4 zinakufaa, lakini kabla ya kwenda CMA unatakiwa kwanza umalize njia za rufaa zilizomo kwenye sheria ya utumishi wa umma, ikiwemo Tume ya Utumishi wa Umma. Kaone chama chako cha wafanyakazi (TUGHE, CWT au kingine) kabla ya kujaza fomu yoyote.

Unacholindwa nacho

Sheria kuu ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Namba za vifungu hapa chini ni za sheria kama ilivyotungwa. Matoleo yaliyofanyiwa urekebu yanaweza kupanga namba tofauti, kwa hiyo kwenye barua taja jina la sheria na jambo lenyewe, usitegemee namba peke yake.

- Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito, na kinamhesabu hata mtu anayeomba kazi. Unyanyasaji unaotokana na mimba yako, yakiwemo maneno ya kukudhalilisha mbele ya wenzako, nao ni ubaguzi. Ukishaonyesha dalili za awali kwamba umebaguliwa, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakukubagua.
- Kifungu cha 20: hupangiwi kazi ya usiku (saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi) miezi 2 kabla ya tarehe ya matarajio ya kujifungua wala miezi 2 baada ya kujifungua. Daktari akiandika kwamba hufai zamu ya usiku, unatolewa hata kabla ya hapo.
- Kifungu cha 33: likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Unarudi kazini kwa masharti yale yale uliyoyaacha. Hupewi kazi ya hatari kwa afya yako au ya mtoto. Ukinyonyesha, unaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi.
- Kifungu cha 36 na 37: kukuachisha kazi kwa sababu inayohusiana na mimba si halali. Kukukatalia kurudi baada ya likizo ya uzazi kunahesabiwa kuwa ni kukuachisha kazi, hata kama hukupewa barua.
- Kifungu cha 41: notisi ya kuachishwa kazi haitolewi ukiwa likizo, wala siku za notisi haziendi sambamba na siku za likizo.

Sasa mipaka, kwa sababu HR anaijua na ataitumia. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo hana haki ya likizo yenye malipo chini ya sheria hii, wala hawezi kufungua dai la kuachishwa kazi isivyo halali. Dai la ubaguzi wa kifungu cha 7 bado analo. Na mwajiri halazimiki kulipia likizo ya uzazi zaidi ya mara 4.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Kadi ya kliniki yenye tarehe ya matarajio. Piga picha kurasa zote.
- Barua ya daktari aliyesajiliwa, yenye muhuri wa kituo.
- Mkataba au barua ya ajira. Kama hukupewa, usikate tamaa: mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kukupa masharti ya kazi kwa maandishi, na akishindwa kuyaleta kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa unakuwa wake.
- Hati za mshahara za miezi 6 au zaidi. Anayelipwa kwa simu atoe taarifa ya miamala, anayelipwa benki achukue taarifa ya akaunti.
- Kitambulisho cha kazi, ratiba za zamu, taarifa ya michango ya NSSF.
- Daftari moja la kumbukumbu na bahasha moja. Nakala ya kila kitu ikae nyumbani, si kwenye kabati la ofisini wala kwenye barua pepe ya kampuni. Barua pepe ya kampuni inaweza kufungwa siku hiyo hiyo unayoachishwa kazi.

Usichukue nyaraka za siri za kampuni au za wateja ukidhani zitakusaidia. Unampa mwajiri sababu halali ya kukufukuza ambayo hakuwa nayo.

Hatua ya 1: Hesabu tarehe zako

Chukua tarehe ya matarajio iliyo kwenye kadi. Tuseme ni 20 Novemba 2026.

Taarifa ya likizo ya uzazi inatakiwa imfikie mwajiri angalau miezi 3 kabla, yaani si baada ya 20 Agosti. Zamu za usiku zinakoma kuanzia 20 Septemba. Likizo unaweza kuianza wiki 4 kabla ya matarajio, yaani 23 Oktoba, au mapema zaidi daktari akiandika kwamba ni lazima. Ukianza 23 Oktoba, siku ya 84 ni 14 Januari 2027, kwa kuwa zinahesabiwa mfululizo pamoja na Jumapili na sikukuu, na 15 Januari unaripoti kazini. Ukiwa na nguvu na kazi yako si nzito, unaweza kuchelewa kuanza ili siku nyingi zaidi zibaki baada ya mtoto. Ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua hufanyi kazi, isipokuwa daktari athibitishe kwamba unaweza.

Sehemu inayokosewa kuliko zote ni mzunguko wa likizo. Siku 84 zinatolewa ndani ya kila mzunguko wa miezi 36, na mzunguko huo unaanza siku uliyoajiriwa. Hauanzi siku uliyojifungua mtoto wa mwisho. Ukiajiriwa 1 Machi 2023, mzunguko wa kwanza unaisha 28 Februari 2026, na mpya unaanza kesho yake. Aliyejifungua Juni 2025 na tena Desemba 2026 yuko kwenye mizunguko miwili tofauti, na likizo zote mbili ni za malipo. HR wengi wanasema "miaka mitatu haijapita tangu likizo ya mwisho". Waonyeshe tarehe ya kuajiriwa.

Na kama kweli mimba mbili zimeangukia mzunguko mmoja? Mwajiri anaweza kukataa kulipia likizo ya pili, isipokuwa mtoto wa kwanza alifariki ndani ya mwaka mmoja wa kuzaliwa. Hapo siku 84 nyingine za malipo zipo. Lakini kukataa kulipa ni jambo moja, kukuachisha kazi ni jambo jingine. Hilo la pili si halali hata kwa mimba ya tano.

Hatua ya 2: Toa taarifa kwa maandishi

Wengi wanamwambia msimamizi kwa mdomo kwenye korido, halafu kesi ikifika Tume mwajiri anasema hakujua kuwa ana mimba. Kama hakujua, hakukubagua: hoja yake ni fupi na ina nguvu. Barua ndiyo inayoiua.

Iwe fupi:

"Kwa Meneja Rasilimali Watu. YAH: TAARIFA YA UJAUZITO NA LIKIZO YA UZAZI. Napenda kukujulisha kuwa mimi (jina, cheo, namba ya kazi) ni mjamzito na tarehe ya matarajio ya kujifungua ni 20 Novemba 2026. Naambatanisha cheti cha daktari. Natarajia kuanza likizo ya uzazi tarehe 23 Oktoba 2026 na kurejea kazini tarehe 15 Januari 2027, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Naomba uthibitisho wa maandishi."

Chapa nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili inagongwa muhuri "imepokelewa" au inasainiwa, jina na tarehe. Wakikataa kusaini, usigombane. Piga picha barua hiyo, itume kwa WhatsApp au barua pepe kutoka akaunti yako binafsi kwenda kwa HR na msimamizi, ukiandika: "Nimeleta barua hii ofisini leo saa 4 asubuhi, imekataliwa kupokelewa, naituma hapa." Ujumbe huo sasa ndio ushahidi wako wa kufikisha.

Umechelewa miezi 3? Andika leo. Sheria inataka taarifa ya mapema, lakini haisemi kwamba aliyechelewa anapoteza likizo.

Hatua ya 3: Pata barua ya daktari inayosema kitu

ED (karatasi ya daktari ya kukupumzisha kazi) iliyoandikwa "apumzike siku 3" inakusaidia siku 3 tu. Kama tatizo ni aina ya kazi, mwombe daktari aandike mambo matatu: huwezi kufanya nini, kwa nini kwa kifupi, na hadi lini. Mfano: "Asinyanyue zaidi ya kilo 5, asisimame mfululizo zaidi ya saa 2, asishike wala kuvuta viuatilifu, hadi atakapojifungua." Kiasi anaamua daktari, lakini aeleze kwa namba. "Kazi nyepesi" kila mtu anaitafsiri atakavyo, na msimamizi wa shambani ataamua kuwa kupalilia ni kazi nyepesi.

Kwa barua hiyo, mwajiri anatakiwa kukupa kazi nyingine inayofaa kama inawezekana, kwa masharti yasiyo duni kuliko ya awali. Mshahara haushuki. Kukuhamishia mapokezi na kukupunguzia malipo kwa kisingizio kwamba "mapokezi wanalipwa hivyo" ni kinyume cha sheria.

Ukilazwa au kuambiwa ulale nyumbani kabla ya wakati, siku hizo ni likizo ya ugonjwa, si likizo ya uzazi. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36: za kwanza 63 kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Bila cheti cha daktari mwajiri halazimiki kulipa, kwa hiyo kila ED ipelekwe na nakala ibaki kwako. Angalia wasizikate siku hizo kwenye zile 84.

Hatua ya 4: Weka kumbukumbu ya kila tukio

Kwenye daftari andika siku hiyo hiyo: tarehe, saa, mahali, nani alisema nini (kwa maneno yake mwenyewe), nani alikuwepo, na ulijibu nini. "Alininyanyasa sana mwezi wa tano" haisaidii. "12 Mei, saa 3 asubuhi, stoo, msimamizi alisema 'ukizaa usirudi hapa', walikuwepo wapakiaji wawili" inasaidia sana.

Meseji za WhatsApp: piga picha ya skrini inayoonyesha namba na tarehe, siyo jina ulilolihifadhi tu, na usibadilishe simu wala kufuta mazungumzo yenyewe. Maagizo ya mdomo yageuze yawe maandishi: "Kama ulivyoniagiza leo, kuanzia Jumatatu nisije hadi nitakapoitwa. Naomba uthibitishe kama siku hizo nitalipwa." Akijibu, umepata ushahidi, akinyamaza, meseji yako bado ipo na tarehe yake.

Tafuta pia wa kulinganishwa naye. Kama wafanyakazi sita wa cheo chako wote wamebaki na zamu zao na wewe peke yako umepunguziwa wiki moja baada ya kutoa barua ya mimba, andika hivyo, na ratiba mbili, ya kabla na ya baada. Ubaguzi mara nyingi unathibitishwa kwa ratiba kuliko kwa matusi.

Hatua ya 5: Andika malalamiko ya ndani

Barua moja, ukurasa mmoja, kwa HR au mkurugenzi. Sehemu nne: kilichotokea na tarehe, kwa nini unakiona kinahusiana na mimba, unachoomba, na siku ya kujibiwa. Siku 5 za kazi zinatosha. Omba kitu kinachoweza kufanyika: "Naomba nirudishwe kwenye zamu ya mchana na nilipwe siku 9 nilizozuiwa kuingia." Usiandike "naomba haki itendeke", hakuna anayejua afanye nini na ombi hilo.

Kama kuna tawi la chama kazini, peleka nakala kwa mwakilishi: TUICO kwa viwanda na biashara, TPAWU kwa mashamba, CHODAWU kwa hoteli na kazi za majumbani. Hata bila chama, unaweza kwenda kwa Ofisa Kazi wa mkoa. Ana mamlaka ya kukagua sehemu ya kazi na kumpa mwajiri amri ya kutekeleza sheria, na mara nyingine simu yake moja tu inamrudisha mtu kazini.

Onyo: barua kwa HR, mazungumzo na bosi, na malalamiko kwa Ofisa Kazi havisimamishi siku za hatua ya 7. "Subiri wiki ijayo mkurugenzi akirudi safari" imemaliza siku za watu wengi.

Hatua ya 6: Usisaini kabla ya kusoma, na usiache kazi kwa hasira

Karatasi tatu hutokea wakati huu.

*Barua ya kuacha kazi mwenyewe.* Inakuja na ahadi ya "malipo mazuri" au tishio la "tukikufukuza hupati cheti". Ukiisaini, mwajiri hakukuachisha, umeondoka. Utalazimika kuthibitisha kwamba ulilazimishwa, na hilo ni gumu. Cheti cha utumishi ni haki yako ajira inapokoma kwa namna yoyote ile, si zawadi. Jibu: "Sina nia ya kuacha kazi. Kama kampuni inataka kuniachisha, naomba barua yenye sababu."

*Makubaliano ya kuachana kwa hiari.* Tafuta sentensi inayosema huna dai lolote sasa na baadaye. Omba siku 2 uende nayo kwa mtu anayeielewa. Anayekataa kukupa hizo siku 2 ameshakuambia thamani ya karatasi hiyo.

*Barua ya onyo au ya kuachishwa.* Hii unaweza kuipokea, kwa sababu kupokea si kukubali. Andika kwa mkono wako juu ya sahihi: "Nimepokea tarehe …, sikubaliani na yaliyomo." Piga picha.

Sheria inatambua kwamba mwajiri anaweza kukufanyia maisha kuwa magumu hadi ukaondoka, na kuondoka huko kukahesabiwa ni kuachishwa. Lakini bila malalamiko ya maandishi ya hatua ya 5 dai hilo huanguka kirahisi. Pata ushauri kwanza, kisha ndipo uondoke.

Hatua ya 7: Fungua shauri CMA ndani ya muda

CMA ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ina ofisi mikoani, na kufungua shauri hakulipiwi. Muda ni huu:

- Umeachishwa kazi: siku 30 tangu kuachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho.
- Mengine yote (umepunguziwa mshahara, umenyimwa likizo, umebaguliwa ukiwa bado kazini): siku 60 tangu mgogoro ulipotokea.

Siku ni za kalenda. Lenga kufika ndani ya siku 14 ili ubaki na nafasi ya kurekebisha fomu.

Fomu ni CMA F.1. Mambo yanayoiharibu:

Jina la mwajiri. Andika jina la kampuni lililosajiliwa, lile lililo kwenye mkataba au hati ya mshahara. Lililo kwenye bango la duka linaweza kuwa la biashara tu, na ukishinda dhidi ya jina lisilo la mtu wala kampuni, hakuna wa kumdai.

Tarehe ya mgogoro. Iwe ile ile kwenye barua, kwenye fomu na kwenye maelezo yako. Tarehe mbili tofauti zinafungua pingamizi la muda.

Aina ya mgogoro. Aliyeachishwa anajaza pia Sehemu B, ambayo ni ya kuachishwa kazi tu, akieleza kasoro za sababu na za utaratibu. Aliye bado kazini haijazi. Mwenye mkataba wa muda maalum aombe ushauri hapa, kwa sababu dai lake linaweza kufaa zaidi kama uvunjaji wa mkataba.

Unachodai. Orodhesha kila kitu kwa kiasi: mshahara wa notisi, siku za likizo, mshahara uliozuiliwa, malipo ya likizo ya uzazi, fidia, au kurudishwa kazini. Usichokiandika hapa utapata shida kukidai mbele. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2025 yamegusa viwango vya fidia, kwa hiyo usinakili hesabu ya rafiki aliyeshinda miaka ya nyuma.

Mpe mwajiri nakala kwanza, asaini kupokea, kisha wasilisha Tume fomu pamoja na uthibitisho huo. Akikataa, itume kwa posta kwa rejista na uhifadhi risiti, au aliyeipeleka aape kiapo cha kuifikisha.

Hatua ya 8: Usuluhishi, kisha uamuzi

Usuluhishi unatakiwa kukamilika ndani ya siku 30, isipokuwa mkubaliane kuongeza. Unaweza kuwakilishwa na ofisa wa chama, wakili, au mtu unayemchagua mwenyewe. Nenda na namba mbili kichwani: unachokitaka, na kiwango cha chini kabisa utakachokubali. Yanayosemwa mle ni ya siri, hayatumiki baadaye kama ushahidi. Mkikubaliana, hakikisha hati inataja kiasi, tarehe ya malipo na njia ya malipo. "Atalipwa stahiki zake" ni mlango wa mgogoro mwingine. Usikose siku hiyo: mlalamikaji asipotokea shauri linaweza kufutwa, na mwajiri asipotokea msuluhishi anaweza kulitolea uamuzi.

Mkishindwana, omba hati ya kuonyesha usuluhishi umeshindikana, na kabla hujatoka ofisini omba fomu ya kupeleka shauri kwenye uamuzi. Huko ndiko mashahidi, kiapo na vielelezo. Kwenye kuachishwa kazi, mwajiri ndiye anayethibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu. Asiyeridhika na tuzo (uamuzi wa Tume) anakwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki 6 tangu kupewa tuzo.

Ukijifungua katikati ya shauri, peleka barua ya kuomba tarehe nyingine pamoja na cheti cha hospitali. Peleka mapema, usisubiri tarehe ipite.

Mambo yakikwama

*Siku 30 zimepita.* Unaweza kuomba kuongezewa muda, kwa fomu CMA F.2 pamoja na kiapo. Eleza kila siku ya kuchelewa: ulilazwa kuanzia lini hadi lini, na cheti kiko wapi. "Nilikuwa najifungua" bila karatasi ya hospitali haitoshi, na "nilikuwa nazungumza na HR" kwa kawaida haitoshi kabisa.

*Nimeambiwa kwa mdomo tu nisirudi.* Fika kazini siku inayofuata kwa muda wako wa kawaida. Ukizuiwa getini, tuma ujumbe kwa HR ukiwa hapo hapo: "Nimefika saa 1:30, mlinzi amesema nisiingie." Bila hivyo watasema ulitoroka kazi.

*Wananiambia ni kupunguza wafanyakazi.* Uliza kwa barua: vigezo vya kuchagua ni vipi, mashauriano yalifanyika lini, na wangapi wa kitengo chako wamepunguzwa. Kama ni wewe mmoja, na nafasi yako inatangazwa tena, hifadhi tangazo hilo.

*Mkataba wangu unaisha nikiwa likizo na hawauhuishi.* Kuisha kwa mkataba peke yake si kosa. Lakini kama umehuishwa mara kadhaa huko nyuma, wenzako wamehuishiwa, na ulikuwa na sababu ya msingi ya kutegemea hivyo, kifungu cha 36 kinakupa hoja. Kusanya mikataba ya nyuma.

*Kwenye usaili nimeulizwa kama nina mimba, kisha nikakosa kazi.* Andika swali, aliyeuliza na tarehe, hifadhi mwaliko wa usaili na majibu yao. Siku 60 zinakuhusu.

*Mtoto amezaliwa njiti.* Marekebisho ya mwaka 2025 yameongeza muda wa likizo kwa hali hii. Peleka cheti cha hospitali kinachoonyesha umri wa mimba kwa wiki, na mwombe Ofisa Kazi akuhesabie tarehe ya kurudi kabla hujajibu barua yoyote ya "umechelewa kuripoti".

*Wananikatalia saa za kunyonyesha.* Pendekeza mpangilio kwa maandishi: dakika 60 mchana na kutoka dakika 60 mapema, au nusu saa mara nne. Wanaweza kujadili mpangilio, si haki yenyewe.

*Sina hela ya wakili.* Si lazima uwe na wakili mbele ya CMA. Kwa msaada wa kuandika fomu, mashirika ya WLAC, TAWLA na LHRC hutoa msaada wa kisheria. Nenda na bahasha yako yote, na tarehe ya kuachishwa kazi iandike juu ya bahasha kwa herufi kubwa, maana ndilo jambo la kwanza utakaloulizwa.